Hewa ya nyumbani: kabla ya kununua kifaa, anza na jiko

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, nataka tuongee kuhusu hewa. Ndiyo, hewa, hii tunayovuta tukiwa ndani ya nyumba. Kwa kuwa watu wanajua napenda vifaa, kuna swali moja ninaloulizwa kila mara: "Ninunue mashine gani ya kusafisha hewa?" Jibu langu ni fupi na huwaudhi wengi. Kwanza usinunue yoyote. Niambie unapikia nini, unapikia wapi, na dirisha lako linaelekea wapi. Tukimaliza hayo matatu, na kama pesa bado zipo, ndipo tutaongea habari za mashine.

Sababu yangu anaijua kila mtu anayeandika programu. Hitilafu unairekebisha pale inapoanzia. Ukibandika kiraka juu ya kiraka, programu itaenda leo na kesho itakuangukia mbele ya mteja. Moshi wa nyumbani nao una chanzo, na katika nyumba nyingi za Kenya chanzo hicho ni jiko. Mashine ya kusafisha hewa ni kiraka. Tena ni kiraka cha bei ghali kinachohitaji stima saa zote na kichujio kipya kila baada ya miezi kadhaa.

Tuanze na takwimu ili tusibishane hewani (samahani kwa mchezo wa maneno). Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila kaya hupikia nini hasa. Asilimia 55.1 walisema kuni, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 mkaa na asilimia 7.8 mafuta ya taa. Stima haikufika hata asilimia 1. Jumlisha kuni, mkaa na mafuta ya taa, utapata karibu kaya tatu kati ya kila nne. Kwa hiyo tukisema "hewa safi nyumbani" tukiwa na picha ya mashine nyeupe inayonguruma polepole pembeni mwa sofa, tunaongea habari za nyumba chache sana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Wengi wetu tukisikia moshi tunafikiria kikohozi na macho mekundu. Lakini katika hesabu hiyo ya vifo, asilimia 32 ni ugonjwa wa moyo na asilimia 23 ni kiharusi. Yaani zaidi ya nusu ya madhara hatuyahusishi kabisa na jiko. Mzee anaanguka ghafla, tunasema ni presha. Hakuna anayeuliza alivuta moshi wa miaka mingapi, au mama watoto alipika katika chumba cha namna gani.

Kinachodhuru zaidi ni chembechembe ndogo zinazoitwa PM2.5. Ni zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au chini ya hapo, zaidi ya mara 20 nyembamba kuliko unywele. Kwa udogo huo zinapita puani, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza mwongozo wake: wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo wa 2005 ulikuwa 10 na 25.

Maikrogramu ni kitu kidogo, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Hicho ni kipimo cha kawaida kabisa cha chumba cha kupanga. Ujazo wake ni mita 22.5. Zidisha kwa 15, unapata maikrogramu 337 na kidogo. Hiyo ni theluthi moja ya miligramu, uzito wa takriban punje sita za chumvi ya mezani. Moshi wenye uzito wa punje sita za chumvi ukitawanyika chumbani, tayari umefika kwenye mstari wa mwongozo. Sasa fikiria jiko la kuni au stovu ya mafuta inawaka saa mbili jioni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi au ya usalama, mtoto yuko mgongoni mwa mama. Punje sita zinapitwa mapema sana.

Hapa ndipo sisi watu wa teknolojia tunaposisimka na kusema, "Tuweke vihisi!" Mimi pia navipenda. Kihisi kama PMS5003 cha Plantower kina feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza na kipokezi cha mwanga. Chembe zikipita kwenye mwale zinatawanya mwanga, na kifaa kinakadiria wingi wake. Ukikiunganisha na bodi ya ESP8266 au ESP32, unatuma vipimo kwa Wi-Fi na kuchora grafu. Mradi wa Sensor.Community, ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015, umewawezesha watu wa kawaida kuweka vihisi vya namna hii nje ya madirisha yao. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere nao walianza mradi wa AirQo mwaka 2015, na wametengeneza vipimo vinavyohimili vumbi na joto la miji yetu. Hizo ni kazi za kupongezwa.

Mimi ninacho kimoja juu ya kabati la jikoni. Nikikaanga vitunguu, namba inapanda kutoka makumi hadi mamia, hata kwa gesi. Nikifungua dirisha na mlango pamoja, inashuka. Nikifungua dirisha peke yake, inashuka polepole mno. Jirani akiwasha jiko lake la mkaa kwenye korido, grafu inaniambia kabla pua haijaniambia. Nimejifunza mengi kutoka kwa kifaa hicho. Lakini hakijasafisha hata chembe moja. Kipimajoto hakitibu homa.

Na vihisi hivi vina mipaka ambayo wauzaji hawaitaji. Unyevu ukiwa mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, kihisi kinasoma namba kubwa kuliko hali halisi. Watu wa Mombasa na watu wa Limuru mwezi wa Julai, mkumbuke hilo. Halafu kuna vihisi vya bei ya chini kabisa kama MQ-135, ambavyo kwenye mafunzo mengi ya intaneti vinatajwa kuwa vinapima kaboni dioksidi. Havipimi. Vinaitikia gesi nyingi kwa pamoja, na ile namba inayotokea kwenye skrini ni makisio ya msimbo tu.

Mpaka mkubwa kuliko yote ndio unaoua watu. Kihisi cha chembechembe hakioni monoksidi ya kaboni. Mkaa uliokolea vizuri, ule mwekundu usiotoa moshi, unaonekana safi machoni na hata kwenye grafu yako unaweza kuonekana si mbaya sana. Lakini ndio unaotoa gesi hii kwa wingi. Haina rangi wala harufu, na inashika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu, kwa hiyo mtu anadhani ni malaria au uchovu, anajilaza, na hapo ndipo anapokosea njia ya kutoka. Kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, tunasoma habari za familia iliyoingiza jiko chumbani kuota moto na haikuamka. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA haitawaokoa, maana HEPA inanasa chembe tu, na gesi hii inapita kama kawaida. Ukiniuliza kifaa kimoja cha kununua kwa nyumba yenye jiko la mkaa, nitakutajia king'ora cha monoksidi ya kaboni. Na hata ukiwa nacho, jiko la mkaa lisilale ndani.

Najua kuna watakaosema: tuna majiko bora, shida iko wapi? Jiko letu la udongo lililovikwa bati, lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, limepunguza mkaa unaotumika katika nyumba nyingi, na halikosi sifa yake. Lakini kupunguza mkaa si sawa na kulinda mapafu. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti walioufanya Laikipia, humu humu nchini. Waligundua kuwa maambukizi ya njia ya hewa yanaongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi zaidi, lakini mstari wa grafu unaanza kulala moshi ukizidi kiasi cha maikrogramu 1000 hadi 2000. Maana yake kwa lugha rahisi: ukiwa kwenye moshi mzito sana, kuupunguza kidogo hakukusaidii sana. Faida kubwa iko chini, pale hewa inapokaribia kuwa safi.

Majaribio ya baadaye yameunga mkono wasiwasi huo. Malawi, jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 10,000 lilitoa majiko yenye feni yanayochoma kuni kwa usafi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: nimonia haikupungua. Na niwe mkweli, gesi nayo si dawa ya miujiza. Jaribio la HAPIN lilitoa gesi ya bure katika nchi nne, zikiwemo Rwanda na India. Moshi waliovuta akina mama ulishuka sana, lakini uzito wa watoto waliozaliwa (matokeo ya 2022) na nimonia kali ya watoto (matokeo ya 2024) havikubadilika kwa kiasi cha kuonekana wazi.

Basi tuache? La. Kwanza, nimonia na uzito wa mtoto ni sehemu tu ya hesabu, na nimetaja moyo na kiharusi hapo juu. Magonjwa hayo yanajengeka kwa miaka mingi, na jaribio la miezi 18 haliwezi kuyajibu. Pili, matokeo haya yanatukumbusha kwamba hewa ni ya mtaa mzima. Wewe ukihamia gesi na majirani kumi wakabaki kwenye mkaa na takataka zinazochomwa nyuma ya ploti, dirisha lako linaingiza moshi wao. Ndiyo maana siamini kabisa kwamba suala hili litamalizwa na mtu mmoja mmoja kununua mashine yake.

Kuna jambo la mimea pia. Kila mwezi naona makala yanayosema weka mimea mitatu sebuleni, NASA walithibitisha. Utafiti wa NASA wa 1989 upo, lakini ulifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring walipitia tafiti nyingi za aina hii, wakapiga hesabu kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida kupita nyumbani, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Panda maua kwa sababu unayapenda. Dirisha lina kazi yake.

Sasa mambo ya kufanya, kwa mpangilio ambao naona unastahili. Nimeanza na yasiyo na gharama.

1. Toa moto nje ya chumba cha kulala. Kama unatumia mkaa, washia nje na pikia nje au kwenye kibaraza kilicho wazi. Usirudishe ndani makaa yanayong'aa.

2. Fungua njia mbili za hewa. Dirisha peke yake halitoshi, hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Moto ukiwaka, hewa moto hupanda, kwa hiyo tundu la juu karibu na dari lina faida kubwa. Ukiwa na feni, iweke dirishani ikitazama nje ili isukume moshi utoke. Ukiielekeza ndani unausambaza tu.

3. Chagua saa. Kama nje kuna takataka zinazochomwa jioni au uko kando ya barabara yenye magari mengi, fungua saa ambazo nje kuna nafuu. Hapa ndipo kihisi kinaweza kukusaidia kweli.

4. Acha dawa ya mbu ya kuchoma, tumia neti. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kuwa koili moja ikiungua yote inatoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Unalinda mtoto dhidi ya mbu kisha unamlaza kwenye moshi. Neti haitoi moshi.

5. Mafuta ya taa yaache ukiweza. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri wazi yasitumike nyumbani.

6. Hamia gesi au stima kwa vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu. Maharagwe na githeri ndivyo vinavyokula mkaa wa saa nyingi. Sufuria ya stima ya presha ina kuta zinazotunza joto, kwa hiyo haivuti umeme muda wote inapopika. Na stima yetu kwa sehemu kubwa inatoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ukitumia gesi, bado fungua dirisha, kwa sababu mwali wa gesi hutoa dioksidi ya nitrojeni.

7. Ukimaliza hayo yote na bado unaishi kando ya barabara kubwa, au una mtu mwenye pumu, basi mashine ya kusafisha hewa ni matumizi halali. Angalia inasafisha mita ngapi za ujazo kwa saa ukilinganisha na chumba chako, na bei ya kichujio cha akiba.

Msomaji mmoja atasema orodha hii ni rahisi kwa mwenye mshahara. Ni kweli, na ndipo hoja yangu kubwa ilipo. Mama anayenunua mkaa wa mkebe mmoja kila jioni anapangia pesa aliyopata siku hiyo, na ujinga haumo kabisa. Mtungi wa gesi unadai pesa nyingi kwa mara moja, hata kama mwisho wa mwezi mkaa wa mkebe unaweza kuwa ulimgharimu sawa au zaidi. Hiyo ni shida ya malipo, na malipo madogo madogo ni kitu ambacho nchi hii inakijua kuliko nyingi. Tayari kuna mita zinazofungwa kwenye mtungi, mtu analipia gesi ya shilingi chache kwa simu, mita inafungua, pesa zikiisha inafunga. Huo ndio msimbo unaosafisha hewa. Kijana aliyemaliza chuo akiniuliza ajenge nini, nitamwambia aachane na grafu ya mia moja ya PM2.5 ya Nairobi, aende akafanye mita hizo ziwe za bei nafuu, zisizoharibika, na zifike Nakuru, Kisumu na Garissa.

Na serikali nayo iache kubadilisha mawazo. Ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia uliondolewa mwaka 2016. Julai 2021 ukarudi kwa asilimia 16. Julai 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ukaondolewa tena. Katika miaka saba, mara nne. Katikati ya hayo, mwaka 2018, mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuzuia uchanganyaji kwenye dizeli. Mtu maskini alibanwa kwenye mafuta ya taa, kisha alipotaka kukimbilia gesi akakuta nayo imepandishwa. Alichobaki nacho ni mkaa. Hakuna mtumiaji atakayehamia mfumo ambao masharti yake yanabadilika kila toleo. Kama kweli tunataka kila nyumba ipikie nishati safi, bei ya gesi na ya stima ya kupikia iahidiwe kwa miaka kumi, iandikwe kwenye sheria, isiguswe kila Juni bajeti ikisomwa.

Wenye nyumba za kupangisha pia nawagusa. Chumba chenye dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani ni chumba cha moshi, hata mpangaji afanyeje. Tundu la hewa karibu na dari ni tofali chache tu wakati wa kujenga. Baada ya kujenga ni mgogoro.

Kwa hiyo, rafiki yangu uliyeniuliza mashine gani ununue: pesa hizo zinatosha mtungi na bana ya mtu wa ploti yako ambaye bado anawashia mkaa kwenye korido. Mkikubaliana naye, hewa yenu nyote wawili itakuwa safi zaidi kuliko ile ambayo kichujio chochote kingekuletea wewe peke yako. Kama kuna anayepikia stima nyumbani kila siku, aniandikie hapa chini yuniti anazotumia kwa mwezi. Nataka kulinganisha na bei ya mkebe wa mkaa mtaani kwenu.